Mtihani wa Mionzi Nilioufanya Mara Mbili

Nilikabidhi chumba cha eksirei siku ya Ijumaa, nikaenda kuswali, na nilipotoka msikitini nikajikuta sina pa kurudi. Miguu ilikwishageuka kuelekea hospitali. Nikasimama pale nje nikiwa na viatu mkononi, mwanamke wa miaka sitini, nikijiuliza watu wengine huwa wanafanya nini Ijumaa mchana.

Vijana niliowaacha idarani mliniomba niandike chochote kuhusu miaka yangu. Vyeo sitaviandika, maana vyangu vyote vinaenea kwenye mstari mmoja. Mishahara mnaijua. Nitaandika jinsi kazi ilivyonifundisha, na hasa habari ya mtihani wa usalama wa mionzi, kwa sababu wawili kati yenu mnajiandaa nao sasa, na nimewaona mnavyoushika ule mwongozo kama mtu aliyebebeshwa mtoto mchanga asiyemjua.

Niliingia hospitalini kama mhudumu, sijui lolote. Nilikuwa nimeshuka kutoka Kinole, kwetu milimani, nikiwa na cheti cha kidato cha nne ambacho alama ya hisabati ndani yake nilikuwa naifunika kwa kidole gumba kila nilipomwonyesha mtu. Wakanipeleka chumba cha giza, kule filamu zilikosafishwa. Aliyekuwa mkuu wa chumba alikuwa Mzee Mkude, mtu mfupi, mkimya, mwenye vidole vilivyogeuka rangi ya kahawia kwa dawa. Siku ya kwanza alinifungia mlango, akazima taa, akabakiza ile nyekundu ndogo ukutani, akasema, "Shika hii fremu. Usiongee. Ukiongea utasahau kuhesabu."

Nikashika. Filamu ikaingia kwenye dawa ya kwanza, tukahesabu kimoyomoyo, ikaoshwa, ikaingia ya pili. Alipoinyanyua kwenye mwanga niliona mkono wa mtu, mifupa yote mpaka ncha za vidole, maji yakichuruzika. Nilipiga kelele kidogo. Mzee Mkude akanitazama, akasema, "Haya, sasa umeshaona. Kesho usipige kelele, wagonjwa wanasikia."

Alinifundisha mambo ambayo sikuyakuta kwenye kitabu chochote baadaye. Kujua dawa imechoka kwa harufu. Kujua mgonjwa anayesema haumwi anaumwa wapi, kwa namna anavyopanda mezani. Alinifundisha kuiheshimu aproni ya risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, kuitundika na kutoikunja, maana ikikunjwa risasi ya ndani hupasuka na mwenye kuivaa hajui. Aproni hiyo ilituletea maneno kila siku. Mgonjwa akisikia "vaa aproni ya risasi" aliangalia mlangoni kwanza. Babu mmoja kutoka Matombo aliuliza, "Kwani humu mnapigana na nani?"

Jambo moja zaidi alinionyesha, alasiri moja tulipokuwa hatuna wagonjwa. Alichukua kaseti, lile kasha bapa lenye filamu, akabandika ufunguo juu yake kwa plasta, akaitundika nyuma ya ukuta wa chumba cha mashine, kisha akapiga picha kadhaa. Tulipoisafisha, filamu ilitoka safi bila alama yoyote. "Ukuta mzuri," alisema. "Ungekuwa mbaya, ungeuona ufunguo. Mionzi hauioni, huisikii, wala haina harufu. Lazima uitegee kitu cha kuishika." Nilidhani ni mchezo wa mzee anayepoteza muda.

Baadaye nilipelekwa chuo, nikarudi nikiwa mpiga picha kamili, na Mzee Mkude akastaafu akarudi kwenye shamba lake la mboga Mgeta. Kazi ikawa yangu. Niliijua mikono yangu, niliijua mashine yangu, na kwa miaka mingi nilidhani hiyo inatosha.

Kisha akaja Mwajuma.

Mwajuma alikuwa fundi cherehani wa Mwembesongo. Alianguka kutoka kwenye pikipiki, akaletwa akiwa ameshika kiuno. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, daktari alitaka picha ya uti wa mgongo wa chini, nami nikapiga. Picha mbili, zote nzuri, hakuna kilichovunjika. Akashukuru akaenda zake. Sikumwuliza kama ana mimba. Kuna bango ukutani linalosema mjulishe mhudumu kama una mimba, nami nililiachia bango lifanye kazi yangu.

Baada ya wiki sita alirudi. Hakupanga foleni. Alisukuma mlango, akasimama mbele yangu amejifunga khanga kiunoni, uso umevimba kwa kulia.

"Dada, umemfanya nini mwanangu?"

Nikamkalisha. Alikuwa na mimba ya miezi miwili na nusu, kwa hiyo siku ya picha alikuwa nayo tayari. Muuza dawa mmoja wa mtaani alimwambia mtoto atazaliwa kilema na kwamba ni heri aitoe mimba mapema. Alikuwa ameolewa miaka saba bila mtoto.

"Niambie ukweli," alisema. "Niitoe?"

Nilikuwa nimefanya kazi ile zaidi ya miaka ishirini. Nilijua kuweka mgonjwa, kuchagua nguvu ya mashine, kusoma picha mpaka nyufa ambazo daktari kijana hakuziona. Lakini swali lile sikuweza kulijibu. Sikujua ni mionzi kiasi gani iliyomfikia mtoto, wala sikujua namna ya kuipima. Nilimwambia kitu kimoja tu nilichokuwa na uhakika nacho: "Usifanye lolote. Nipe siku tatu."

Mungu mwema, wiki ile mkaguzi wa mionzi alikuwa Morogoro akizungukia hospitali. Alikuwa binti wa miaka kama thelathini anaitwa Neema, amevaa viatu vya raba na kubeba begi kubwa kuliko yeye. Alinisalimu, "Shikamoo mama," nikaitikia marahaba, na kabla hajafungua begi nikamweleza habari za Mwajuma zote, pamoja na kosa langu. Sikuficha. Nilitegemea anifokee.

Aliuliza, "Daftari la mashine mnajaza?"

Tulikuwa tunajaza. Mzee Mkude hakuruhusu mtu atoke bila kujaza. Nguvu ya mashine, muda, umbali, unene wa mgonjwa, vyote vilikuwemo kwa mwandiko wangu. Neema akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akatoa kalamu, akaandika hesabu nyuma ya fomu ya ukaguzi. Dakika kumi hivi. Akairudia kwa njia nyingine, ikatoka ileile kasoro kidogo.

Tulimwita Mwajuma. Neema alimweleza polepole, bila maneno makubwa. "Mionzi iliyomfikia mtoto ni kidogo, iko chini sana ya kiwango ambacho madaktari huanza kuwa na wasiwasi nacho. Siwezi kukuahidi mtoto mzima, maana hakuna anayeweza kumwahidi hivyo mama yeyote. Lakini picha hizi si sababu ya kuitoa mimba hii."

Mwajuma aliitazama ile karatasi yenye tarakimu, akanigeukia mimi. "Wewe unakubali?"

Hapo ndipo palipouma. Alinitaka mimi, mtu aliyemshika mkono siku ile akipanda mezani, nami nilikuwa sijui kama hesabu ile ni sawa au ni maua ya kupamba karatasi. Nikasema, "Nakubali," kwa sababu niliuamini uso wa yule binti. Lakini kuamini uso wa mtu si kujua.

Mwajuma alipoondoka, Neema alisema jambo ambalo sijalisahau. "Mama Zuhura, kila kitu kilichohitajika ulikiandika wewe. Mimi nimekisoma tu." Kisha akafungua begi na kunipa habari rasmi: hospitali yetu haikuwa na msimamizi wa usalama wa mionzi mwenye cheti, na kibali cha chumba kisingeongezwa tena bila mtu huyo. Tulipewa mwaka mmoja. Ukiisha, chumba kitafungwa, na wanaoshuka milimani na mguu uliovunjika watatafuta pengine pa kupigwa picha.

Nilikuwa na miaka hamsini na moja. Wenzangu wawili walinitazama mimi, nami nikatazama dirishani.

Mwajuma alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti iliyosikika wodi nzima. Nilimbeba. Wakati huo nilikuwa nimekwishaanza masomo.

Mwongozo wa mtihani ulikuwa wa Kiingereza, kurasa mia mbili na zaidi. Sehemu ya sheria niliimeza. Sehemu ya kinga na vifaa niliisoma kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani, maana nilikuwa nimeiishi. Sehemu ya hesabu niliifungua, nikaifunga, nikaenda kupika.

Mtu aliyeniokoa ni Mwalimu Batuli, aliyestaafu kufundisha hisabati na kuishi karibu na Mzumbe. Dada yangu alisoma kwake, na ndiye aliyenipeleka. Nilikwenda kila Jumamosi kwa miezi saba. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mwalimu, mimi hesabu haziniingii." Akavua miwani. "Zuhura, wewe umekuwa ukihesabu gizani kwa miaka mingi ili filamu isiungue. Haziingii wapi?"

Alikuwa mkali. Aliyechelewa dakika tano alikuta mlango umefungwa, nami nilikaa barazani kwake mara mbili kama mtoto mtoro. Lakini alijua kufundisha. Kanuni ya umbali, ile inayosema ukisimama mbali mara mbili mionzi inayokupata si nusu bali ni robo, nilikuwa nimeikariri bila kuielewa. Akafunga madirisha mchana, akatoboa tundu la mraba kwenye boksi, akaweka tochi nyuma yake, akanipa karatasi iliyochorwa vyumba vyumba. Kwa umbali wa hatua moja mwanga ulijaza chumba kimoja. Akanirudisha nyuma hatua moja. Vyumba vinne. Mwanga uleule, umegawanywa kwa vinne.

"Hatua tatu?" akauliza.

"Vyumba tisa," nikasema. Miaka yote ile nilikuwa nawaambia wahudumu "rudini nyuma" bila kujua nawapa zawadi kubwa kiasi gani.

Logi za hisabati zilinisumbua zaidi. Niliota logi. Nilikuwa nakata vitunguu nikijiuliza ni unene gani wa risasi utakaopunguza mionzi hadi nusu, kisha nusu ya nusu. Mume wangu, mtu wa kilimo, alivumilia mwezi wa kwanza, mwezi wa pili akaanza kuniuliza maswali kutoka kwenye mwongozo, na mwezi wa nne alikuwa anajua jibu la swali la kumi na saba kuliko mimi.

Nilifanya mtihani Dar es Salaam. Siku mbili za maandishi. Matokeo yalikuja baada ya wiki chache: sheria nimefaulu, kinga nimefaulu, hesabu nimekosa kwa alama nne. Na anayekosa moja hurudia yote.

Sitawapambia maneno. Nilikaa na barua ile siku mbili bila kumwambia mtu, hata mume wangu. Alama nne. Nilirudia maswali yote kichwani mpaka nikalipata nililokosea: nilikuwa nimegawanya mahali pa kuzidisha. Aibu ya kukosa kitu usichokijua inavumilika. Ile ya kukosa kitu unachokijua hukaa na wewe mezani.

Jumatatu nilikwenda kazini, na ni siku hiyohiyo nilipokutana na ule mlango.

Nilikuwa nimechukua likizo fupi kwenda kwetu Kinole, na nilipokuwa huko, mlango wa chumba cha eksirei ulibadilishwa. Wa zamani ulikuwa umevimba kwa mvua za masika na mchwa walikuwa wameanza kwenye fremu. Ulikuwa mlango mzito, unaufungua kwa bega. Huu mpya ulikuwa wa mninga, umepigwa vanishi, mzuri kabisa. Nikausukuma kwa bega kama kawaida, nikaingia ndani nikipepesuka karibu nianguke. Nikarudi nje. Nikaujaribu tena kwa kidole kimoja. Ukafunguka.

Mlango wa eksirei haufunguki kwa kidole kimoja. Ndani yake kuna shiti ya risasi, bamba jembamba, na risasi ina uzito. Fundi alitengeneza mlango mzuri kwa vipimo alivyopewa, na aliyempa vipimo hakumwambia kuna nini ndani ya ule wa zamani. Nje ya mlango, mkabala kabisa, lilikuwa benchi la kusubiria, na kwenye benchi waliketi kina mama saba, wawili kati yao na matumbo makubwa, maana kliniki ya wajawazito ilikuwa imejaa na hapo palikuwa na kivuli.

Niliwaomba wote wahamie mwisho wa ukumbi. Nikavuta benchi. Nikaweka kiti kuziba njia. Kisha nikachukua kaseti, nikabandika ufunguo wa kabati langu juu yake kwa plasta, nikaitundika pale vichwa vya wale kina mama vilipokuwa. Ndani nikaweka ndoo ya maji mezani mahali pa mgonjwa, kwa sababu maji hutawanya mionzi karibu sawa na mwili wa mtu. Nikaipiga picha ile ndoo mara thelathini.

Mhudumu wangu alichungulia. Habari za barua zilikwishamfikia, sijui kwa njia gani. "Mama Zuhura," alisema kwa upole mno, "nikuletee chai ukapumzike?"

"Niletee ndoo nyingine," nikasema. "Hii inavuja."

Filamu niliisafisha mwenyewe. Nilipoinyanyua kwenye mwanga, ufunguo ulikuwepo, mweupe katikati ya weusi, meno yake yote yakihesabika.

Nikaipeleka ikiwa bado mbichi kwa mganga mfawidhi, Daktari Mfaume. Alikuwa daktari mzuri na mtu mwenye haraka, na tulikuwa na wagonjwa thelathini nje.

"Daktari, naomba tufunge chumba cha eksirei mpaka mlango uwekwe risasi."

"Mlango ni mpya, Zuhura. Nimeupokea mimi mwenyewe wiki iliyopita."

"Ni mpya, lakini ni mbao tupu. Mionzi inapita inafika kwenye benchi."

"Inapita kiasi gani? Kuna mtu ataumia leo?"

Hilo lilikuwa swali la haki, nami nililijibu kwa haki. "Leo hapana. Anayekaa mara moja haumii. Lakini yule wa mapokezi anakaa pale kila siku, na wajawazito wanakaa pale kila kliniki, na sisi ndio tunaowakalisha. Hatuna ruhusa ya kufanya hivyo tukijua."

Akaangalia saa. "Tuhamishe benchi, tuendelee. Mlango tutauweka kwenye bajeti."

"Benchi nimehamisha. Lakini ule ni ukumbi, Daktari, watu watapita tu. Siwezi kupiga picha."

Hapo akaudhika. "Huwezi kwa mamlaka gani? Hata cheti chenyewe huna."

Mtu anaweza kukupiga mahali ambapo tayari pana jeraha bila kukusudia. Niliweka ile filamu juu ya meza yake, maji yakilowesha karatasi zake.

"Cheti sina," nikasema. "Filamu ninayo."

Aliinyanyua, akaigeuzia dirishani. Nilimwona akiyahesabu meno ya ufunguo. Mwishoni akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Shiti ya risasi inapatikana wapi?"

Chumba kilifungwa siku tatu. Dharura tulizipeleka hospitali nyingine kwa gari la wagonjwa, na wengine wote walinilaumu mimi. Mkulima mmoja aliyeshuka na kaka yake kutoka kijiji cha Bunduki, kaka ameteguka bega, aliniambia mbele ya watu kwamba nimefunga kwa sababu ya uvivu. Sikubishana naye. Niliwatafutia nafasi kwenye gari.

Shiti ilitoka Dar kwa basi, nami nikaenda stendi ya Msamvu kuipokea. Ilikuwa imeviringishwa kama jamvi, si ndefu kuzidi mkono wangu. Mchukuzi mmoja akasema, "Kajamvi tu haka, mama," akainama akaishika kwa mkono mmoja. Akabaki ameinama. Waliibeba watatu mpaka kwenye bajaji, na dereva wa bajaji akaniuliza kama nimemzika mtu ndani yake.

Fundi aliufungua mlango wake mzuri, akaweka shiti, akaufunga. Nikatundika kaseti tena na ufunguo uleule. Filamu ikatoka safi. Nikamwonyesha fundi, akafurahi kuliko mimi, akaomba aende nayo nyumbani.

Miezi miwili baadaye nilirudi Dar kwa jaribio la pili, la mwisho kabla mwaka wetu haujaisha. Safari hii Mwalimu Batuli hakunipa hesabu mpya. Alinipa zilezile mpaka mkono ukazijua. "Kila ukimaliza," alisema, "jiulize kama jibu linafanana na chumba unachokifahamu. Ukipata ukuta wa risasi mnene kama godoro, umezidisha mahali pa kugawanya." Ushauri huo nawapa ninyi bure. Swali la tatu la karatasi ya hesabu lilinipa ukuta kama godoro. Nilirudi nyuma, nikakuta kosa, nikalirekebisha.

Kwa anayerudia kulikuwa pia na mahojiano, watu watatu nyuma ya meza. Mmoja wao, mzee mwenye mvi, aliuliza: "Mkuu wako anakuagiza uendelee na kazi, nawe unaamini chumba si salama. Utafanyaje?"

Mwongozo una jibu la mistari mitano. Nikasema, "Nitahamisha watu kwanza. Kisha nitapima. Kisha nitampelekea kilichoonyeshwa na kipimo, si maoni yangu. Akikataa, sitapiga picha, na nitaandika kwa nini."

"Na akikukasirikia?"

"Atakasirika," nikasema. "Si muda mrefu."

Mzee akaandika kitu, akaniambia niende.

Nilifaulu karatasi zote tatu na mahojiano. Barua niliifungulia idarani safari hii, mbele ya wote, na yule mhudumu wa ndoo ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Kibali cha chumba kiliongezwa. Nilipanda Mgeta Jumapili iliyofuata, Mzee Mkude akanivunia kabichi mbili kubwa na kuniuliza kama siku hizi bado tunajaza daftari. Nikasema tunajaza. "Basi," akasema, akaendelea kumwagilia.

Sasa nimalizie kwa siku moja tu kati ya nyingi zilizofuata, maana ndiyo ninayoikumbuka nikiulizwa cheti kilinifaa nini.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Mashine tayari ilikuwa ya kidijitali, chumba cha giza kimegeuzwa stoo. Daktari Mfaume aliingia akisukuma kitanda cha magurudumu yeye mwenyewe. Juu yake alilala mama yake, bibi wa miaka themanini na kitu, aliyeteleza kwenye ukoka uliolowa akienda kisimani, nyonga imekwenda upande. Alikuwa anaumwa sana na hakukubali kuguswa na mtu mwingine.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Usinikimbize."

"Sikukimbizi."

Daktari alikuwa amemshika mkono, na uso wake haukuwa wa mganga mfawidhi. Ulikuwa uso wa mtoto wa mtu. "Piga haraka, Zuhura," alisema. "Mimi nakaa naye hapahapa."

Nilichukua aproni, nikamvalisha kama nilivyowavalisha maelfu kabla yake, nikamfunga kamba mgongoni. "Utakaa naye, Daktari. Ila sogea kichwani kwake, mshike kutokea huko."

"Hapa?"

"Rudi nyuma hatua moja."

Akasita. Mkono wa mama yake ulikuwa umenyooka, vidole vyao vikishikana kwa ncha tu. Bibi aligeuza kichwa kwenye mto, akamtazama mwanawe.

"Msikilize mwenye chumba, baba," akasema.

Daktari Mfaume akarudi nyuma hatua moja.

Nikaingia nyuma ya kioo, nikawatazama wote wawili mpaka walipotulia, nikabonyeza.